Sakombi Inongo, mtu aliyempandisha Mobutu mawinguni kwenye televisheni

KALENGERA, Kivu ya Kaskazini. Kwa watu waliokuwa wamekwisha kupata akili katika miaka ya Zaire, kuna picha moja ya televisheni ambayo haisahauliki. Kabla ya habari za jioni, kioo kinajaa mawingu. Katikati ya mawingu hayo unatokea uso wa Raisi Mobutu, unashuka kutoka juu na kuwakaribia watazamaji polepole. Kisha mtangazaji anaanza kusoma habari.

Hapa Kalengera, kwenye barabara ya Goma kuelekea Rutshuru, ao katika vijiji vingine vya Kivu, ni wachache waliokuwa na televisheni wakati ule. Wengi waliiona picha hiyo mjini, kwa jamaa ao kwa tajiri fulani aliyeacha dirisha wazi ili majirani wachungulie. Wengine walisimuliwa tu. Lakini habari ya kwamba raisi anashuka kutoka mbinguni kila jioni ilifika mpaka mahali ambapo umeme haukufika.

Nyuma ya picha hiyo kulikuwa mtu mmoja mwenye akili ya matangazo: Dominique Sakombi Inongo. Alifariki katika mwezi wa tisa 2010. Vijana wengi wa leo hawajui jina lake, hata kama wanaishi katika desturi alizozianzisha. Maisha yake yanaonyesha namna kazi ya mtangazaji wa televisheni ilivyogeuka nchini Congo: ilianza kama kazi ya kusalimia watu nyumbani mwao, ikawa kazi ya kusifu mtu mmoja.

Kazi ya kusalimia

Televisheni ilipozaliwa, ilihitaji mtu wa kuunganisha vipindi. Mitambo ilikuwa mizito na iliharibika mara kwa mara. Kati ya kipindi na kipindi, kioo kingebaki cheusi. Kwa hiyo waliwekwa watangazaji wa kuonekana katikati: kusema jioni njema, kueleza kinachofuata, kuomba radhi picha inapokatika, na mwishoni kuwatakia watu usiku mwema.

BBC ya Uingereza ilianza hivyo mwaka wa 1936, na Jasmine Bligh pamoja na Elizabeth Cowell walikuwa kati ya nyuso zake za kwanza. Ufaransa, baada ya vita, Jacqueline Joubert aliingia katika kazi hiyo mwaka wa 1949. Wafaransa waliwaita wanawake hao spikerini. Hawakuwa waandishi wa habari na hawakutoa maoni yao. Lakini kwa sababu waliingia ndani ya nyumba kila jioni kwa heshima, watu waliwazoea kama jirani mwema. Wakisema filamu inafuata, filamu ilifuata, na imani ya mtazamaji ilijengwa na mambo madogo kama hayo.

Televisheni ya Congo ilianza Kinshasa katika mwezi wa 11 wa 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kukamata madaraka. Nchi ilichukua mfano wa Ulaya, hata jina la spikerini likaingia katika mazungumzo ya watu wa Kinshasa, na mpaka leo wapo wanaoita hivyo kila mwanamke anayeonekana kwenye televisheni. Kazi ilikuwa ile ile: mavazi safi, Kifaransa kilichonyooka, tabasamu, na habari ya kipindi kinachofuata.

Sakombi alikuwa wa kizazi kilichopata uhuru wa 1960 kikiwa bado kijana. Kizazi hicho kilikuta ofisi za Wabelgiji ziko wazi na kikapanda haraka. Yeye alipanda kupitia maneno. Alijua kuandika, alijua kusema mbele ya watu, na zaidi ya yote alielewa mapema jambo ambalo wanasiasa wengi wa umri wake hawakulielewa: kwamba katika nchi kubwa namna hii, yenye barabara mbovu na lugha nyingi, anayeshika radio na televisheni anafika kabla ya gavana na kabla ya askari.

Mtangazaji anavuliwa tai

Tarehe 27 mwezi wa kumi 1971, nchi na mto vilibadilishwa jina na kuitwa Zaire. Mwanzoni mwa 1972, raisi mwenyewe akaacha jina la Joseph-Désiré na kuwa Mobutu Sese Seko, na raia wote wakaagizwa kuacha majina ya Kizungu. Huo ndio ulioitwa urudi kwa asili. Sakombi, akiwa kiongozi wa wizara iliyoitwa ya Mwelekeo wa Taifa, ndiye aliyekuwa na kazi ya kuufundisha kwa wananchi, na akawa mmoja wa sauti zake kubwa. Yeye pia aliacha jina la Dominique.

Mahali ambapo mabadiliko hayo yalionekana kwanza ni kwenye kioo cha televisheni. Mtangazaji mwanaume alivua koti na tai, akavaa abakosti. Mwanamke akaacha suruali na nywele za bandia, akavaa kitenge. Majina ya ubatizo yakatoweka katika utambulisho wa vipindi. Salamu ya bwana na bibi ikafutwa, wote wakawa raia na raia, kwa Kifaransa citoyen na citoyenne.

Haifai kudharau upande mwema wa jambo hilo. Wazee wengi wa Kivu, hata wale walioteswa na utawala ule, wanakubali kwamba kuona mtu mweusi aliyevaa nguo ya kwao, mwenye jina la babu yake, akiongea mbele ya taifa zima bila kuiga Mzungu, kulileta fahari. Nyimbo za nchi zilipewa nafasi. Lugha nne za taifa, yaani Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, zilisikika katika matangazo. Mtu wa Rutshuru aliweza kusikia habari ya serikali katika lugha anayoielewa.

Ila fahari hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma. Asili ilipokwisha kukubaliwa, ilifungwa pamoja na chama kimoja, MPR, na chama kikafungwa pamoja na mtu mmoja. Kukataa sifa za Mobutu kukawa sawa na kuikataa asili yako mwenyewe.

Kutoka Beijing mpaka kwenye mawingu

Mobutu alisafiri China mwanzoni mwa 1973, na mwishoni mwa 1974 akafika tena China na pia Korea ya Kaskazini. Huko aliona makundi ya maelfu ya watu wakiimba na kucheza kwa utaratibu mmoja kwa kumsifu kiongozi. Zaire ikapata mtindo wake: animasyo ya kisiasa. Wafanyakazi, wanafunzi, mama za soko na askari walipangwa katika vikundi, wakashonewa vitenge vyenye picha ya raisi, wakaimba na kucheza. Kila jimbo lilikuwa na vikundi vyake, Kivu pia.

Kwa televisheni, animasyo ilikuwa chakula cha bei rahisi. Ilijaza saa nyingi. Nafasi ambayo zamani ilikuwa ya spikerini, ile dakika ya kupumua kati ya kipindi na kipindi, ikajazwa ngoma na sifa. Mtazamaji hakuelezwa tena kinachofuata, maana alikwisha kukijua: ni Mobutu.

Hapo ndipo picha ya mawingu inapata maana yake. Sakombi alieleza baadaye mbele ya kamera, katika filamu ya Thierry Michel juu ya Mobutu iliyotoka mwaka wa 1999, namna propaganda ile ilivyotengenezwa. Wazo lake halikuwa gumu. Watu wa nchi hii wanamwamini Mungu, na Mungu yuko juu. Ukimwonyesha kiongozi akitoka juu kila siku, saa ile ile, kabla ya habari, huna haja ya kusema kwamba yeye ni zaidi ya binadamu. Macho yatasema yenyewe.

Wakati huo huo mapigano na Kanisa yalikuwa makali. Mwaka wa 1972, Kardinali Malula alilazimika kukaa nje ya nchi kwa miezi kadhaa. Mwaka wa 1974, Noeli iliacha kuwa siku ya mapumziko. Mwishoni mwa mwaka huo, waziri wa mambo ya ndani, Engulu, alifika mpaka kumfananisha Mobutu na nabii aliyetumwa na Mungu na MPR na kanisa. Picha ya raisi iliingia mahali palipokuwa na msalaba. Mawingu ya televisheni yalikuwa sehemu ya vita hivyo, na silaha ilikuwa kioo kidogo sebuleni.

Jina moja tu

Mwanzoni mwa 1975, kwa wiki kadhaa, vyombo vya habari vya Zaire viliamriwa kutotaja kwa jina kiongozi yeyote isipokuwa Mobutu. Mawaziri, magavana na wakubwa wengine walitajwa kwa cheo tu. Kwa mtangazaji, kazi ilikuwa ya ajabu: kusoma habari ya mtu anayeonekana wazi kwenye picha, lakini kumwita kamishna wa jambo fulani, kama mtu asiye na wazazi.

Mwenye kusoma habari hakuwa na nafasi ya kukataa. Alikuwa mfanyakazi wa serikali, na nyumba, mshahara na masomo ya watoto vilitegemea ulimi wake. Mtu wa kuogopa siku zote hakuwa mtazamaji bali mkubwa aliyekuwa akitazama. Kosa dogo la kumtaja Mobutu bila vyeo vyake vyote liliweza kuleta matatizo. Ndiyo sababu sauti za watangazaji wa miaka ile zilikuwa na namna yake: juu, nzito, bila kusita, kama za mtu anayesoma amri. Tabasamu la spikerini lilikuwa limekwisha.

Sakombi aliujua mchezo huo kwa undani, kwa sababu naye alikuwa chini yake. Alikuwa mkubwa, lakini ukubwa wake ulitegemea mtu mmoja. Mobutu alipenda kuhamisha watu ili mtu asiote mizizi, na Sakombi alihamishwa kama wengine. Kwa wakati fulani alikuwa gavana wa Kinshasa, kisha akarudi tena katika mambo ya habari. Katikati ya miaka ya 1970, mnara mkubwa wa Sauti ya Zaire ulisimama Kinshasa, umejengwa kwa ufundi wa Wafaransa, na ulikuwa kati ya vituo vikubwa vya televisheni barani Afrika. Vyombo vilikuwa vya kisasa kabisa, na ujumbe ulibaki ule ule.

Sauti inakatika

Uchumi ulianguka. Bei ya shaba ilishuka, biashara zilizonyang'anywa wageni mwaka wa 1973 zilikufa mikononi mwa wakubwa, mishahara ikapoteza thamani. Mtu aliyeshinda njaa mchana hakuweza kushibishwa na animasyo usiku. Mawingu yakaendelea kupita kwenye kioo, lakini watu wakaanza kucheka kimya kimya.

Tarehe 24 mwezi wa nne 1990, pale N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Televisheni ilionyesha machozi yake. Katika hotuba ile ile aliwaachia watu ruhusa ya kuvaa tai na kuitana tena bwana na bibi. Kwa mtangazaji wa televisheni, amri ya miaka karibu ishirini ilifutwa katika jioni moja. Baada ya hapo, televisheni za watu binafsi zikaanza kufunguliwa Kinshasa, na Mkutano Mkuu wa Taifa uliofunguliwa mwaka wa 1991 ukaonyesha wananchi kitu kipya: watu wanaobishana mbele ya kamera bila kuomba ruhusa.

Katika miaka hiyo Sakombi alifanya jambo lililowashangaza wengi. Alitangaza kwamba ameokoka. Alirudisha jina la Dominique, akashika Biblia, akahubiri. Aliomba msamaha mbele ya watu kwa sehemu yake katika kumfanya Mobutu mungu. Mtu aliyefundisha nchi nzima kumwangalia binadamu akishuka kutoka mbinguni alisema sasa kwamba hiyo ilikuwa ibada ya sanamu.

Wapo waliomwamini. Waliona kwamba kati ya wakubwa wote wa MPR, wachache sana waliwahi kusema wazi kwamba walikosa. Wengine waliona ni ujanja wa mtu wa matangazo, anayejua kwamba soko limegeuka na bidhaa mpya ni dini. Ukweli wa moyo wake aliujua mwenyewe. Linaloweza kuhukumiwa ni matendo, na matendo yake hayakuishia hapo.

Kwenye kioo tena

Mobutu alikimbia Kinshasa katika mwezi wa tano 1997, wanajeshi wa AFDL wakaingia tarehe 17, na televisheni ya taifa ikapata jina la RTNC. Alifariki Rabat, Morocco, mwezi wa tisa mwaka huo. Watu wengi walifikiri kwamba watengenezaji wa sifa zake wamekwisha pamoja naye. Haikuwa hivyo. Katika siku za mwisho za utawala wa Laurent-Désiré Kabila, waziri wa mawasiliano alikuwa Dominique Sakombi.

Ndiyo sababu jina lake limefungwa na moja ya siku nzito katika historia ya nchi. Tarehe 16 mwezi wa kwanza 2001, Kabila alipigwa risasi katika makao yake Kinshasa. Jioni hiyo msaidizi wake wa kijeshi, Eddy Kapend, alionekana kwenye televisheni akiwapa majeshi amri na kufunga mipaka, bila kusema kilichotokea. Ubelgiji ilisema kwamba raisi amekufa, lakini Kinshasa ilishikilia kwamba anatibiwa. Siku mbili zilipita. Tarehe 18, Sakombi ndiye aliyetoka kwenye televisheni ya taifa kutangaza rasmi kifo cha raisi.

Huku Goma habari ilipokelewa kwa namna nyingine. Tangu mwezi wa nane 1998 mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, na RTNC ya Kinshasa haikuwa sauti ya utawala wa hapa. Watu walizunguka na radio ndogo masikioni, wakitafuta BBC na RFI. Walikwisha kujua kabla Sakombi hajasema. Huo ulikuwa mwisho wa kazi yake aliyoianzisha miaka thelathini nyuma: televisheni ya taifa ilikuwa ya mwisho kutoa habari ambayo taifa zima lilikuwa nayo mdomoni.

Joseph Kabila alipounda serikali mpya mwezi wa nne mwaka huo, wizara ya mawasiliano ilipewa mtu mwingine. Sakombi alibaki mtu wa kualikwa kueleza mambo ya zamani, mpaka kifo chake mwaka wa 2010.

Alichoacha

Tukipima maisha yake kwa haki, hakuwa mtu mdogo. Aliwapa watangazaji wa Congo sura ya Kiafrika wakati ambapo vituo vingi vya bara hili bado viliiga London na Paris. Alijua kwamba sekunde chache kabla ya habari zina nguvu kuliko hotuba ya saa mbili. Alikubali hadharani kwamba alitumia ujuzi huo vibaya. Na baada ya kukubali, alipoitwa tena na utawala mwingine, alikwenda.

Sehemu kubwa ya alichoacha bado iko hewani. Habari nyingi za televisheni, za taifa hata za watu binafsi, zinafunguliwa kwa shughuli za mkubwa: nani amepokelewa, nani amekata utepe, nani ameshukuru. Mtangazaji anayetaja vyeo vyote vya kiongozi kabla ya kufika kwenye habari yenyewe anafuata njia iliyochongwa katika miaka ya 1970, hata kama alizaliwa baada ya Zaire kufa.

Spikerini wa zamani naye karibu ametoweka. Kuanzia miaka ya 1990, vituo vya Ulaya vilianza kuwaondoa mmoja mmoja, na nafasi yao ikachukuliwa na matangazo yaliyorekodiwa na alama ya kituo kwenye kona ya kioo. Italia iliwatunza muda mrefu kuliko wengi, mpaka mwaka wa 2016. Mashine haiharibiki sana kama zamani, kwa hiyo hakuna haja ya mtu wa kuomba radhi.

Katika teritware ya Rutshuru, kituo cha umeme wa maji cha Matebe kilizinduliwa mwezi wa 12 wa 2015, chenye nguvu ya megawati 13.8. Tangu hapo televisheni si kitu cha kuchungulia dirishani tena kwa familia nyingi za upande huu. Ila vita vimeendelea kubadilisha wenye kushika miji na barabara. Goma peke yake imeona wakubwa wapya wakiingia mwaka wa 1996, 1998, 2012 na tena 2025, na kila mara swali la kwanza la wakaaji lilikuwa lile lile: leo nani anasema kwenye radio na televisheni, na anasema kwa jina la nani?

Kijana wa Kalengera anayefungua simu yake leo anakuta sauti mia moja, kila moja ikimwambia nini cha kuamini. Nyingi kati ya hizo zina muziki wake, bendera yake na mtu wake wa kusifiwa. Wazee wake waliona mawingu kabla yake. Wakimsimulia habari ya Sakombi, atajua la kuangalia kwanza: kabla ya habari kuanza, ni uso wa nani umetangulizwa, na nani ameuweka pale.